Choo Hakingoji Mgeni Rasmi

Maji yalikuwa yameshafika. Nataka hilo lieleweke tangu mwanzo, kwa sababu watu wakisikia habari za mtaa wetu hudhani shida ilikuwa ukame, au mradi kuliwa na wajanja. Hapana. Mradi haukuliwa. Jengo lilisimama pale vichochoro vinapokutana, limepakwa rangi ya buluu, na tanki jeusi juu ya mnara limejaa hadi shingoni. Vyoo vilikuwa na vigae. Mabafu yalikuwa na milango inayofungwa kwa ndani, na mwanamke yeyote aliyewahi kuoga huku ameshikilia gunia kwa mkono mmoja anajua thamani ya komeo la ndani. Nje, ukutani, koki zilipangwa safu moja, zinang'aa.

Kilichokosekana ni mtu wa kukata utepe.

Mabomba yale niliyafunga mimi. Nina stashahada ya ufundi wa maji, niliisomea nikiwa na mimba ya mwanangu wa pili, na mtaani hakuna anayehangaika na jina langu. Wote wananiita Mama Spana. Shirika lililojenga lilinichukua kwanza kama fundi, kisha wakaniandikia barua ya kuwa msimamizi wa jengo. Ilikuwa ajira yangu ya kwanza yenye mshahara wa kila mwezi. Kabla ya hapo nilikuwa wa kuitwa bomba likipasuka. Baba watoto anaendesha lori la masafa marefu. Akifika nyumbani hufua, hulala, huondoka. Kwa hiyo ile barua haikuwa pambo. Ilikuwa shule ya watoto na paa juu ya vichwa vyao.

Jengo lilipokamilika, shirika lilikabidhi funguo, na mimi msimamizi pamoja nazo, kwa Mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti wetu si mtu mbaya, namjua tangu anauza mitumba begani. Ni mtu wa sherehe tu. Iwe harusi, iwe msiba, iwe kikao cha wazazi, kipaza sauti lazima kimfikie. Sasa alipopata jengo zima la kuzindua, akili yake yote ilihamia kwenye hema na viti vya plastiki. Akapiga kufuli mlangoni, akachomeka vijiti viwili mbele ya mlango na safu ya koki, akafunga utepe mwekundu kutoka kijiti hadi kijiti, na akatangaza kwamba hakuna mtu kugusa koki mpaka mgeni rasmi aje kufungua kwa mkono wake mwenyewe.

Mgeni rasmi hakuja. Kwanza alikuwa na kikao. Kisha akasafiri. Kisha mvua ikanyesha na gari lake, tukaambiwa, haliwezi tope. Kila tarehe ikikaribia hema linapigwa, watoto wanakumbushwa wimbo wa kukaribisha, halafu simu inalia na hema linakunjwa. Na sisi tunarudi kwenye maji ya mpira.

Maji ya mpira nitawaeleza, maana ndiyo yaliyotuumiza. Kuna mtu anayaleta kutoka barabara kubwa kwa mpira mrefu unaopita ndani ya mtaro, humo humo mnamopita kila kitu cha mtaa. Mpira ukitoboka anaufunga kwa kipande cha tairi la baiskeli. Maji yakitoka kwa nguvu, hakuna neno, yanasukuma uchafu nje. Nguvu ikipungua, mpira unanyonya. Unanyonya mtaro. Nilimweleza hayo uso kwa uso, akanijibu, "Mama Spana, mbona mimi mwenyewe nayanywa?" Wiki hiyo hiyo naye akalazwa.

Kuhara kukaingia nyumba kwa nyumba. Kwetu kulimwangukia mama mkwe.

Mama mkwe wangu alikuwa mpishi wa shule maisha yake yote. Ana sauti ya kuita mamia ya watoto waje kula, na hajawahi kuipunguza. Tunaishi naye katika chumba chetu, pazia katikati. Upande huu mimi na watoto, upande ule yeye na masanduku yake. Ni mwanamke anayeoga mara mbili kwa siku hata kama maji ni ya kikombe. Kumwona mtu kama huyo ameinama juu ya ndoo nyuma ya pazia, mjukuu wake anafanya kazi za shule upande wa pili, ni jambo lililonichoma kuliko nilivyotarajia. Choo cha shimo cha nyuma ya nyumba kilikuwa kimejaa, na ubao wake ulikuwa umeoza kiasi kwamba hata sisi wenye nguvu tulikanyaga huku tumeshika ukuta.

"Geuka, mwanangu," aliniambia.

"Nimegeuka, mama."

"Watoto nao wazibe masikio."

"Wameziba."

Nikachukua ndoo, nikaenda kuimwaga, nikarudi. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, midomo imekauka, lakini macho makali kama kawaida.

"Hebu nieleze," akasema. "Nimeolewa, nimezaa, nimezika mume. Nimepikia watoto wa watu mpaka wengine leo ni madaktari. Sasa nangoja nani aje akate utepe ndipo nikajisaidie?"

Nikampa maji yenye chumvi na sukari, nikamsubiri ayamalize, nikaenda kwa Mwenyekiti.

Ofisi ya Mwenyekiti ni kontena lenye dirisha lililokatwa kwa msumeno wa umeme. Nilimkuta amesimama katikati ya vitambaa vya meza, kimoja begani, kingine mkononi.

"Mama Spana! Umekuja saa nzuri kweli. Hiki cha njano au hiki cheupe, kipi kinamfaa mgeni rasmi?"

"Mwenyekiti, watu wanaharisha."

"Nimesikia, pole yao sana. Cheupe nahofia kitashika vumbi."

"Mama mkwe wangu anajisaidia kwenye ndoo, na choo kipya anakiona kutoka dirishani. Naomba funguo."

Akaviweka vitambaa chini. Akanitazama kwa ile huruma ya mtu anayetaka kukukatalia bila kuonekana mbaya.

"Dada yangu, unanitia majaribuni. Kitu kikishatumika si kipya tena. Nitamwambia nini mkubwa? Karibu mheshimiwa, uzindue choo ambacho watu wameshakitumia?"

"Mwambie hivyo hivyo. Kwani kilijengwa kwa kazi gani nyingine?"

"Una maneno wewe!" Akacheka, kisha akakumbuka kwamba yeye ni Mwenyekiti. "Halafu afadhali umekuja. Tarehe imesogezwa tena. Yale maji ya kwenye tanki yamekaa mno. Mgeni atakunywa glasi moja mbele ya wapiga picha, siwezi kumpa maji yaliyolala. Yamwage yote, ujaze mapya."

"Niyamwage wapi?"

"Si kuna bomba la kumwagia? Mtaroni."

Bomba la kumwagia lipo kweli, nililiweka mimi, na kweli linaelekea mtaroni. Nikaona kitakachotokea kana kwamba kimeshatokea. Tanki zima la maji safi linaporomoka kwenye uchafu, na wanawake wa mtaa wanakimbia na mabeseni kuyawahi kabla hayajachanganyika. Kinyesi kingekuwa kinapita miguuni mwao.

"Yaani tanki zima nilitie mtaroni," nikasema, "ili mtu mmoja anywe glasi moja."

"Usiyageuze maneno yangu."

"Sijayageuza. Nimeyapanga tu yakae vizuri."

"Mama Spana, wewe ni mwajiriwa. Nimekupa kazi, ifanye."

Nikatoka bila kuaga.

Nyumbani nikavuta sanduku la vifaa kutoka chini ya kitanda. Nikachagua nyundo, patasi, spana kubwa na kopo la mafuta ya kulainisha chuma. Barua yangu ya ajira ilikuwa juu ya kabati ndani ya mfuko wa plastiki, na niliitazama. Mtu asiseme baadaye kwamba nilifanya kwa hasira na kusahau nina watoto. Niliitazama vizuri, nikajua naiaga.

"Unakwenda wapi na nyundo?" mama mkwe akauliza kutoka nyuma ya pazia.

"Kazini."

"Kazi gani ya maji inataka nyundo?"

"Ya mlango, mama."

Kisha nikasikia akipapasa sakafu.

"Ndala zangu ziko wapi?" akasema. "Usiniache."

Ilikuwa saa sita mchana, jua la utosi. Niliichagua saa hiyo kwa makusudi. Sikutaka mtu aje kusema eti niliingia kama mwizi. Tukavuka kichochoro polepole, mama mkwe ameniegemea bega, sanduku la vifaa mkono wa pili. Mbele ya jengo alikuwepo mke wa kinyozi, amekalia beseni lililofunikwa, anangoja mpira uanze kutoa maji. Huyu ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mdomo wake hauna breki.

"Mama Spana, mlango unauiba mchana huu?"

"Naufungua."

"Na kufuli?"

"Kufuli sina shida nalo."

Nikamwonyesha. Mlango wowote una pande mbili. Upande mmoja ulikuwa na kufuli la Mwenyekiti, kubwa kama ngumi ya mtu mzima. Upande wa pili ulikuwa na bawaba, na bawaba zile nilikuwepo zikifungwa. Mafuta kidogo, patasi chini ya pini, nyundo. Pini ya kwanza ilitoka ikilia. Ya pili ikagoma, nikaitukana, ikatoka. Mke wa kinyozi akaja kuushika mlango usituangukie, na ukafunguka kwa upande ambao haukukusudiwa. Kufuli lilibaki linaning'inia mahali pake, limefungwa barabara. Utepe nao ulikuwa pale pale mbele, mwekundu, mzima. Sikuugusa.

Mama mkwe akaniachia bega. Akainama, kwa shida, akapita chini ya utepe. Akaingia choo cha kwanza. Tukasikia komeo la ndani likigonga mahali pake.

Mimi na mke wa kinyozi tukauegemeza mlango ukutani.

Baada ya muda sauti ya mpishi wa shule ikatoka juu ya mlango: "Nani kaweka dirisha juu namna hii? Mtu hata haoni nani anapita!"

Mke wa kinyozi akaanguka chini kwa kicheko. Mimi nilikuwa naelekea kwenye valvu kuu na sikutaka mtu aone uso wangu.

Valvu ile ilikuwa imekaza kwa kukaa bila kazi. Nikaizungusha kwa spana. Mabomba yakakohoa, yakatema hewa, yakatema maji yenye rangi ya chai, kisha yakatulia na kutoa maji meupe. Habari ilishaenea. Nilipotoka nje, kichochoro kizima kilikuwa kimejaa ndoo, na wenye ndoo walikuwa wanainama chini ya utepe kama watu wanaopita chini ya kamba ya nguo za jirani mkali.

"Ya kwanza hayanywewi!" nikapaza sauti. "Haya ni ya kuoshea sakafu na kumwaga vyooni. Ya kunywa natia dawa kwenye tanki, yangoje nusu saa."

"Nusu saa!" akalalamika mmoja.

"We naye," mke wa kinyozi akamrukia. "Mgeni rasmi umemngoja tangu mvua hazijaanza, dawa ndiyo inakushinda?"

Nikapanda ngazi ya mnara, nikapima klorini, nikaitia, nikashuka. Nusu saa ikapita. Nikachota kidogo, nikadondoshea dawa ya kupimia, rangi ikaja kama inavyotakiwa. Nikanywa mimi mwenyewe mbele yao, kisha nikasema, "Tekeni."

Mwenyekiti alifika foleni ikiwa imefika hadi dukani kwa kinyozi. Simu sikioni, jasho kifuani.

"Nani kafungua? Nani kavunja kufuli la serikali?"

"Kufuli lako lile pale," nikamwambia. "Limefungwa. Jaribu uone."

Akalijaribu. Lilikuwa limefungwa. Akautazama utepe, akamtazama mwanamke aliyekuwa anapita chini yake na ndoo kichwani, amekunja magoti taratibu asimwage hata tone. Nadhani hicho ndicho kilichomuuma zaidi, kwamba hakukuwa na kitu cha kuonyesha polisi.

"Umefukuzwa kazi."

"Sawa."

"Sifanyi mzaha, Mama Spana. Leo hii naandika."

"Andika, Mwenyekiti. Lakini pisha foleni kwanza."

Watu wakacheka, na yeye hakupenda. Akaninyooshea kidole. "Kesho asubuhi Cheche anakuja kuchomelea mlango huu. Chuma kwa chuma. Tuone nyundo yako itasema nini."

Cheche ndiye fundi wetu wa kuchomelea. Milango yote ya mtaa, madirisha, hata kiti cha magurudumu cha mzee wa duka, ni kazi ya mkono wake. Akichomelea kitu, hakichomoki.

Asubuhi alikuja kweli. Alikuwa anasukuma mkokoteni, mashine yake juu, na nyuma yake Mwenyekiti na jenereta la sherehe, lile la kuendeshea spika. Walikuta mlango umeegemezwa ukutani. Walikuta pia mama mkwe wangu ameshawahi. Alikuwa bado hajapona. Alikuwa chooni tangu jua linachomoza, na nje ya mlango wake nimekaa mimi na chupa ya maji ya chumvi.

"Nani yumo?" Mwenyekiti akauliza.

"Mama."

Akarekebisha kola. Mama mkwe aliwahi kumpikia uji shuleni, na mtu aliyekupikia uji huwezi kumfokea hivi hivi. "Mama, shikamoo. Tunaomba utoke, tunafunga."

"Marahaba. Sijamaliza."

"Utamaliza saa ngapi, mama?"

"Tumbo langu halina ratiba. Mwenye ratiba si wewe?"

Cheche akageuza uso pembeni kuficha meno. Mwenyekiti akamwashiria aanze kupanga vifaa. Jenereta likanguruma. Na hapo mke wa kinyozi, bila kumwambia mtu neno, akachukua taulo lake, akapita chini ya utepe, akaingia bafuni na kufunga komeo. Akafuata mwenzake. Akafuata mwingine na mtoto mgongoni. Hatukuwa tumepanga. Naapa hatukuwa tumepanga. Kama tungepanga tungekosana nani atangulie. Vyoo vikajaa, mabafu yakajaa, waliokosa nafasi wakakaa kwenye korido juu ya ndoo zao zilizogeuzwa. Wengine wakaanza kuoga kweli. Maji yakawa yanamwagika, sabuni ikanukia mpaka nje.

"Chomelea," Mwenyekiti akasema.

Cheche alikuwa ameshavaa kioo chake cha usoni. Akakifunua. "Nichomelee na watu ndani?"

"Wakiona cheche watatoka wenyewe."

"Mwenyekiti, sikia." Cheche akainua kidole, akatega sikio kuelekea bafuni. Kulikuwa na mtu anaimba huko, sauti nyembamba, anakosea maneno. "Huyo anayeimba ni mke wangu. Hajawahi kuimba tangu tuoane. Nikifunga mlango huu, leo nitalala kwako?"

Kichochoro kikalipuka kwa kicheko. Cheche akazima jenereta, akaanza kukunja waya wake, na wala hakuwa na haraka.

Mwenyekiti akabaki amesimama katikati yetu, kimya cha jenereta kimemvaa. Nilimwonea huruma kidogo. Mtu mwenye kipaza sauti akinyamaziwa anaonekana mdogo. Kisha akanigeukia, na sasa hakufoka. Akaongea kama anavyoongea akiwa anauza.

"Mama Spana, mimi na wewe tumetoka mbali. Barua ya kukufukuza sijaiandika. Waambie watoke, mlango urudi mahali pake. Tunafunga mpaka siku ya mgeni tu, basi. Akishakata utepe nafungua, na wewe ndiye msimamizi, mshahara wako uko pale pale. Nakuahidi mbele ya hawa wote."

Vicheko vikakatika. Hata mle bafuni kuimba kukakoma. Wote walijua barua ile ina maana gani kwangu. Wengine walinisindikiza siku niliyoipokea, wakaniimbia njia nzima. Mke wa kinyozi akatoa kichwa mlangoni, povu bado sikioni, akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema kitu.

Nikawafikiria watoto. Nikafikiria baba watoto atakavyofika na kunikuta nimerudi kwenye kazi za kuitwa. Nikamsikia mama mkwe nyuma ya mlango akivuta pumzi. Naye alikuwa ananisubiri, na hakunisaidia. Baadaye aliniambia hakutaka neno lake liwe ndilo lililoniponza.

"Mwenyekiti," nikasema, "siku ya mgeni ni lini?"

Akaitazama simu yake kana kwamba ingemnong'oneza. "Watapiga."

"Watapiga lini?"

"Watapiga, Mama Spana. Wale ni watu wakubwa, huwezi kuwabana."

"Basi hapana."

"Fikiri."

"Nimefikiri. Ungenitajia siku, pengine ningekuwa na kazi ya kufikiri tena. Huna siku. Unataka niwatoe wagonjwa chooni kwa sababu ya simu ambayo haijapigwa. Hapana. Kazi chukua, mlango hautarudi."

Nikachukua pini za bawaba kutoka mfukoni mwa aproni yangu, nikazirusha ndani ya mtaro. Zilizama bila kelele.

Aliniandikia mchana ule ule, na sentensi zake zilikuwa nyingi kuliko alizohitaji. Nafasi yangu akapewa shemeji yake, mtu mpole mwenye redio, anakaa pale mlangoni siku nzima na hana cha kufunga. Shirika walituma watu wawili kuuliza maswali. Nikawajibu kwamba ndiyo, ni mimi, na nyundo ni yangu. Walitikisa vichwa, wakapima maji, wakakuta ni safi, wakaondoka. Kazi hawakunirudishia. Nasema hivyo ili mtu asidhani mambo yalininyookea. Mwezi ule tulibana kila kitu, na baba watoto alinuna siku zake zote za mapumziko kabla hajaenda kuoga kule bafuni na kurudi ananukia sabuni, akaniuliza kama kuna bomba la kubeba.

Maana mabomba yalianza. Watu walipoonja maji yasiyopita mtaroni, wenye nyumba wakataka koki uani kwao, na mtaani aliyejua kuyafikisha nilikuwa mimi. Mke wa kinyozi akaja siku moja na suruali ya mumewe ameikunja hadi magotini, akasema, "Nifundishe. Nimechoka kufagia nywele za watu." Sasa anakata meno ya bomba, yale ya kukazia kiungo, vizuri kuliko mimi, na kwa kujisifu ananizidi pia. Mama mkwe, tangu apone, huleta kiti chake ukingoni mwa mfereji na kutusimamia kama bado yuko jikoni kwake. Kuhara kukapungua, kisha majirani wakaacha kuutaja ugonjwa huo.

Wiki iliyopita tulikuwa tunachimba kuelekea nyumba ya mzee wa duka. Nilikuwa ndani ya mfereji hadi kiunoni, mke wa kinyozi ameshika ncha ya pili. Kivuli kikatufunika. Ni Mwenyekiti, suti imepigwa pasi, uso umejaa habari njema.

"Mama Spana! Wamepiga! Mgeni rasmi amethibitisha, anakuja mwezi ujao, safari hii hakuna longolongo."

"Na akaribie."

"Sasa nina ombi dogo." Akachuchumaa, akashusha sauti. "Wewe wanakusikiliza. Waombe wakae mbali siku hiyo. Siku moja tu. Tudeki, tupake rangi pale mlangoni, picha zipendeze."

"Mtoto akibanwa siku hiyo aende wapi?"

"Siku moja, Mama Spana! Binadamu hawezi kuvumilia siku moja?"

Mke wa kinyozi akaanza kucheka, nikamwashiria anyamaze, maana hili nilitaka kulijibu mwenyewe. Sikutoka ndani ya mfereji. Nilikuwa na kiungo cha bomba mkononi, gundi inakauka.

"Mwambie aje," nikasema. "Akiwa na kiu, maji yapo. Akibanwa, choo kipo, na komeo linafungwa kwa ndani. Foleni inaanzia nyuma ya yule mama mwenye ndoo ya kijani. Na wewe sogeza kiatu, umekanyaga bomba langu."